Bafu la Mgeni Rasmi

Dada yangu ana nyumba ya wageni Mpanda, si mbali na stesheni ya treni. Vyumba vyote hupangishwa, lakini kwa muda mrefu kimoja hakikuguswa. Kile cha mwisho kwenye korido, chenye kitanda kikubwa na mapazia ya rangi ya dhahabu, alikiweka kwa ajili ya mgeni rasmi. Hakuwa na mgeni yeyote akilini. Alitaka tu kwamba siku mtu mzito akitokea, askofu, mkuu fulani au mkwe, asilale mahali alipolala muuza mitumba. Mama yetu alikuwa na sahani za namna hiyo. Zilikaa kabatini miaka yote ya utoto wetu, tukizitazama kupitia kioo, na mara ya kwanza kupakuliwa wali ndani yake ilikuwa msibani kwake.

Mimi sina kabati la kuwekea kitu. Nimeishi Kahama, Tunduma, Arusha na kwingine ambako hata sikumbuki niliondoka kwa sababu gani. Kila baada ya muda Mpanda hunivuta, narudi kupumzika kidogo, na dada hunipa kazi ya kubadilisha balbu na kukaza mabomba ili nisile bure.

Safari hii nilikuta ameachana na ndoo. Zamani mhudumu alikugongea mlango asubuhi kukuambia maji yako tayari, nawe ukatoka na taulo begani. Yalikuwa yamechemka jikoni kwenye sufuria kubwa, yakapozwa na ya baridi, yakabaki na harufu ya moshi wa kuni. Mimi niliyapenda. Dada aliyaonea aibu. Umeme wa mji ulipotulia alinunua hita kubwa yenye tangi, akaipandisha darini, akasambaza mabomba hadi kila chumba, na kwenye kibao cha nje akaongeza maneno mekundu: MAJI MOTO SAA ZOTE. Kisha mteja mmoja akaungua bega na kufoka hadi barabarani, na bili ya umeme nayo ikamtisha. Akapunguza swichi ya joto hadi maji yakawa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hivyo tukatoka kwenye maji ya kishamba yaliyochemka, tukaingia kwenye maji ya kisasa yasiyochemka.

Arusha niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli ya watalii, upande wa matengenezo. Msimu wa wageni wachache tulipita vyumba vitupu kila wiki, tukafungulia maji moto mpaka mkono ushindwe kuvumilia. Mwanzoni niliona ni wazimu wa watu wenye hela, kumwogesha mtu ambaye hayupo. Msimamizi wetu ndiye aliyenieleza. Kuna bakteria anayependa maji ya uvuguvugu yaliyotulia kwenye tangi na mabomba. Huyu shida yake si kumnywa. Ni kumvuta pumzi, pamoja na yale manyunyu ya bomba la mvua. Akiingia kwenye mapafu ya mzee, au ya mvutaji wa tumbaku, huleta nimonia inayoweza kuua. Kinga yake ni kwamba tangi likae kwenye nyuzi sitini au zaidi, na maji yasilale bombani.

Kwa dada, maji yalikuwa yamelala kama yako likizo. Na chumba cha mgeni rasmi ndicho kilichokuwa mwisho wa bomba, kikiwa na bafu ambalo tangu lijengwe hakuna aliyelifungulia. Kadiri alivyokiheshimu, ndivyo alivyokuwa akiwafuga wale wadudu.

Nilimwambia. Alinisikiliza akiwa anakunja mashuka.

"Sisi tumekua na maji ya kisima," akasema, "na chura ndani. Leo wewe umeogopa bomba."

Ningeliacha hivyo, maana nilikuwa nimeanza kuulizia treni. Lakini wiki ileile simu ikapigwa kutoka Katumba. Baba mkwe wa dada alikuwa anakuja kupimwa kifua hospitalini, na angelala kwa dada siku kadhaa. Huyu mzee amelima tumbaku tangu ujana na kuivuta karibu kama alivyoilima. Akicheka, kicheko huishia kwenye kikohozi. Na bila shaka angelala chumba cha mwisho. Mgeni rasmi alikuwa amepatikana, na alikuwa ndiye hasa mtu ambaye hakupaswa kusimama chini ya bomba lile.

"Mpe ndoo," nikamwambia dada.

"Ndoo? Arudi Katumba akaseme mke wa mwanaye ana bomba la mvua la kuogeshea wapita njia, yeye kapewa ndoo kama kibarua?"

"Basi mwambie asilitumie."

Alinitazama kama niliyemwambia akamsugue mgongo. Kwa watu wa mumewe mwanamke hazungumzi na baba mkwe habari za kuoga. Neno bafu lenyewe hawezi kulitamka mbele yake. Mume wake, ambaye angeweza, alikuwa njiani na lori la mahindi. Mimi ningeweza, ila kule Katumba mzee alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba anakwenda kuoga mvua ndani ya nyumba.

Jumapili dada alipokwenda kanisani nilichukua ufunguo. Nilifungua dirisha, nikakitoa kichwa cha bomba na kukiloweka kwenye siki, nikachomeka mpira hadi ndani ya ndoo ili manyunyu yasiruke, nikafungulia. Bomba lilikoroma, likatema maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya chuma. Nilikuwa bado hapo dada aliposimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani.

"Nani kakuruhusu kuingia humu na viatu?" Kisha akaiona ndoo. "Hayo yametoka wapi?"

"Kwa mgeni rasmi."

Tulisimama tukitazama mpaka maji yakawa meupe.

"Basi, yametakata," akasema. "Funga."

Rangi ilikuwa imemshtua na sasa rangi ilikuwa imemtuliza, kumbe yale meupe ya uvuguvugu ndiyo niliyoyaogopa. Nikaachana na habari za bakteria. Nikamwambia aguse, akagusa.

"Haya ni ya kunawa mikono," nikasema. "Mzee atoke Katumba na kile kifua, afike kwa mkwewe aogeshwe maji ya kunawa mikono."

Alifuta mkono kwenye kitenge, kisha akaniuliza ile swichi inazungushwa upande gani.

Tangi lilipopata joto lake nilipita chumba hadi chumba nikifungulia maji moto. Wateja walilalamika. Mmoja alisema atahama. Dada aliwaambia ni kwa sababu ya baba mkwe wake, na wote wakanyamaza, hata yule wa kuhama. Ningewatajia wadudu wangenicheka.

Mzee alifika na kofia yake na mfuko wa maharage. Kwa kuwa maji sasa yangeweza kumchubua, ilikuwa lazima mtu amfundishe, na mtu huyo hakuweza kuwa dada. Tukaingia bafuni wawili, tumevaa nguo zote.

"Hili bomba jekundu na hili la bluu," akaniuliza, "lipi la wakubwa?"

"Anza na la bluu, baba. Jekundu liongeze polepole. Lina hasira."

"Kama mama mwenye nyumba," akasema, akacheka hadi akashika ukuta.

Alioga muda mrefu mno. Dada alikuwa uani akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Siku zote alizokaa, kila asubuhi nilisimama koridoni nikisikiliza kikohozi kile kama fundi anayesikiliza injini, nikitafuta sauti mpya. Hospitalini walimpa dawa na kumkataza tumbaku. Alipoondoka niliahirisha safari, maana nimonia ile huweza kuchelewa siku kadhaa kujitokeza, nikawa namtaka dada apige simu Katumba kila baada ya siku chache kuuliza kama mzee ana homa. Hakuwa nayo. Alikuwa shambani, na kikohozi chake kilekile alichokuja nacho.

"Unaona sasa?" dada akasema. "Maji hayakuwa na kitu."

Ushahidi wangu wote ulikuwa ni jambo ambalo halikutokea, kwa hiyo sikubisha. Nilimwomba tu kwamba nikiondoka, mtu awe analifungulia bafu lile kila wiki. Nilidhani chumba sasa kingekuwa kitakatifu zaidi. Dada alishangaa.

"Kwa nini? Mgeni keshakuja. Nimngoje nani tena?"

Kesho yake akakipangisha kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Usevya, anayeoga asubuhi na jioni na kulalamika kwamba maji yanaunguza. Dada humjibu achanganye na ya baridi, kwamba baba mkwe wake mwenyewe aliyaoga hayohayo na hajasema neno.