Mikono ya Zuhura

Mwanahamisi wa Ziwani hakuwa mchoyo, na anayesema hivyo hamjui. Mpita njia akishikwa na kiu shambani kwake, ruksa kuokota bibo, tunda la mkorosho, na kulinyonya mpaka kidevu kilowe, mradi korosho yake aiache shinani. Ndivyo walivyolelewa wote kule. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Akikupa kitu leo, kesho bombani kila mtu anajua.

Msimu huu aliteguka mguu, korosho ndiyo kwanza zimeanza kuanguka. Zuhura, shoga yake tangu utotoni, akamwambia, "Wewe kaa, nitakuokotea mie." Mwanahamisi alitokwa na machozi siku ile. Wiki mbili nzima Zuhura alileta kikapu cha korosho kila asubuhi, akamkorogea uji, akaondoka.

Mguu ulipopata nguvu kidogo, Mwanahamisi akajikongoja na fimbo mpaka shambani. Chini ya mikorosho mabibo yalikuwa yametapakaa yakioza, yameshanyofolewa korosho zake, mengi mno kwa vile vikapu vidogo alivyoletewa. Akageuza njia moja kwa moja hadi kwa Zuhura.

Alimkuta uani anabangua korosho zilizochomwa, za kwenda kuuza barabarani. Viganja vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

"Zuhura, hizo za mti gani? Mikorosho yako si iliungua yote mwaka juzi?"

"Zako."

"Kwani ungeniomba ningekunyima?"

"Usingeninyima, dada. Ungenipa, halafu ungenitangaza. Ule unga ulionipa mwezi wa Ramadhani, wanangu walichekwa mpaka madrasa."

Mwanahamisi aliukumbuka ule unga. Aliusimulia kama utani tu, watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini hilo halikumpunguzia uchungu hata chembe. Wiki mbili alikuwa akimwombea dua mtu anayemwibia, tena akinywa uji wake. Aliondoka bila kuaga, na njia nzima alilia kama aliyefiwa.

Kesho yake walikutana bombani. Nasra, ambaye hapitwi na jambo, akaushika mkono wa Zuhura na kuuinua watu wauone.

"Mwenzetu, hivi viganja vimekuwaje? Na wewe huna hata mkorosho mmoja."

Zuhura akamtazama Mwanahamisi kwa macho ya mtu anayengoja kofi. Mwanahamisi alikuwa na maneno tele mdomoni, yote ya kweli, na hapo bombani ndipo alipozoea kuyamwaga.

"Mwachie mkono," alisema. "Alikuwa ananibangulia mimi. Mguu huu ungenilaza njaa kama si yeye. Kaungua kwa ajili yangu."

Nasra akauachia. Zuhura akainama, akajifanya anafunga vizuri kanga yake.

Mwanahamisi akasogeza ndoo chini ya bomba na kuyakodolea maji macho mpaka yakafurika. Hakumtazama Zuhura, maana alikuwa bado hajamsamehe.