Kidoa Chini ya Jicho la Dogyeom

Katika soko la samaki la Samcheonpo, pwani ya Korea, aliyetaka kujua nani kagombana na mumewe alimuuliza Mama Dogyeom. Mikono yake ilikuwa kwenye kisu, macho yake yalikuwa kwa watu. "Uso haunifichi kitu," alizoea kusema. Siku hizi hasemi tena.

Mwanawe Dogyeom ni fundi wa injini kwenye meli ya kuvua jodari, huko mbali kusini ambako mtandao ni mwembamba kama uzi. Kampuni iliwapa wazazi programu ya kuonana na watoto wao, na karani akawaeleza. "Video nzima haipiti. Inakuja picha moja ya uso, mwanzoni. Baada ya hapo ni habari kidogo tu: mdomo umefunguka hivi, jicho limefumba hivi. Simu yako ndiyo inayomchora mwanao kutoka kwenye ile picha."

Kila baharia alitakiwa apige picha mpya kabla ya kupiga simu. Mara ya kwanza Dogyeom alifanya hivyo. Akatokea na ndevu, midomo imepasuka kwa chumvi, macho mekundu. Mama Hyerim wa meza ya pili, aliyekuwa akimtafutia kijana mchumba, alichungulia begani.

"Huyu ni fundi au mfungwa?"

Mama Dogyeom akaona haya. "Mwanangu, weka ile picha ya studio," akasema. "Sura hiyo usinionyeshe tena."

Ile ya studio ilipigwa kwa ajili ya kupelekwa kwa wazazi wa wasichana. Ngozi ilisafishwa, taya likanyooshwa, na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto kikafutwa. Watu husema kidoa cha mahali pale ni cha mtu wa kulia maisha yake yote, na nani atamwoza binti yake kwa mtu wa kulia? Mama Dogyeom mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mpiga picha kwa kidole. "Hiki toa."

Basi miezi minne akaongea na mwana asiye na kidoa. Kila Jumapili asubuhi alitokea amenyoa, anang'aa, na mama akainua simu wenzake waone. Jumapili moja Dogyeom alipeleka mkono usoni, na kwa kuwa simu ilijua kuchora uso tu, mkono ukayeyukia shavuni, vidole vikawa ngozi.

"Njaa hiyo, mwanao anajila," alisema Mama Hyerim. Wakacheka meza nzima. Mama Dogyeom naye alicheka.

"Uko salama lakini?"

"Niko salama, mama. Joto tu."

Mwezi wa tano Bwana Pyo, mpishi wa meli ile, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya mgongo. Akapita sokoni kununua samaki wakavu.

"Dada, shavu la Dogyeom linaendeleaje? Nilipomwacha lilikuwa bado linatoa maji."

"Shavu gani?"

Bwana Pyo akamtazama, akamtazama na Mama Hyerim. "Bomba la mvuke lilipasuka, dada. Karibu miezi miwili sasa. Si mnaonana kila wiki?"

Alipoondoka, Mama Hyerim alisogeza kiti. "Usijilaumu, shoga yangu. Ni mashine."

"Mashine haikumwambia asinionyeshe sura yake. Nilimwambia mimi."

Alihesabu wiki kwa vidole, akaifikia ile Jumapili ya mkono. Kumbe mtoto alikuwa akibana kitambaa kwenye kidonda, na yeye alikuwa akicheka.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Uso ukaja, safi kama yai.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Dogyeom, kata simu. Piga picha ya sasa hivi, halafu nipigie."

Ule uso safi ukapepesa macho. "Nani kakwambia?"

"Piga picha."

"Ni sura mbaya, mama. Ulisema mwenyewe..."

"Najua nilichosema."

Simu ikakatika. Akafuta kioo kwa aproni, akakifuta tena. Ilipolia, alitafuta kwanza kidoa. Kilikuwepo. Jeraha la mvuke lilikuwa limeishia chini yake, nafasi ya punje ya mchele, na kuanzia hapo hadi sikioni ngozi ilikuwa nyekundu, imejikunja kama samaki mkavu juu ya makaa.

"Nirudishe ile ya studio?" aliuliza Dogyeom kwa upole, kama mtu anayemfunikia mwenzake kitu kinachonuka.

Na moyo wa mama ukasema ndiyo. Ulisema kabla hajawahi kuuzuia, na aibu ya hilo ilimchoma kuliko yote yaliyotangulia.

"Iache," akasema. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mama, umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini?"

"Umenyamaza. Na uso wako mkavu tu, unanitazama."

Hapo akakumbuka picha yake mwenyewe iliyomo kwenye programu. Ilipigwa kwenye harusi ya mpwa wake: poda, rangi ya mdomo, kitabasamu. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiongea nayo mwanawe tangu siku ya kwanza.

"Ngoja," akasema. "Usiondoke hapo."

Akakata simu, akavua glavu, akageuza kamera. Magamba yalikuwa yamemganda kidevuni, pua inavuja.

"Jifute kwanza basi," alinong'ona Mama Hyerim, akimnyooshea kitambaa.

Mama Dogyeom alikisukuma kitambaa kando, akapiga picha.