Mwaka Mzima wa Salamu

Kuna kazi moja niliyoikosa kwa kusalimia sana, na ningependa nieleze mwenyewe ilivyokuwa kabla watu wa nyumbani hawajaipamba.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya jiolojia hapa Kampala. Mawe nilikuwa nayajua, mitihani nilifaulu vizuri, lakini nje ya zile safari za darasa sikuwa nimefanya kazi ya uwandani hata siku moja. Kila nilipopeleka barua ya maombi swali lilikuwa lile lile: umefanya kazi uwandani na nani? Lazima uwe umetembea na mtu anayejulikana, ukabeba nyundo nyuma yake, ukalala kwenye hema lake, ndipo aandike kwamba anakufahamu. Mimi sikuwa na wa kuniandikia.

Baba yangu anauza mashuka na mapazia kwa jumla katika soko la Kikuubo. Alikubali mimi binti yake nisome mawe ingawa hakuwahi kuelewa kwa nini mtu alipe karo ili asomeshwe kitu kilicholala barabarani bure. Nilipohitimu aliniita sebuleni akaniambia nina muda mpaka Idi ya mwaka unaofuata. Nikipata kazi ya fani yangu, Mungu anibariki. Nisipopata, nishike duka, na habari za mawe ziishe. Baba si mtu wa kelele. Akishasema neno mara moja, hulisikii tena mpaka siku ya kulitekeleza.

Miezi michache baadaye ukafanyika mkutano wa wanajiolojia chipukizi katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Tulitakiwa tubandike mabango ya utafiti wetu ukutani, tusimame kando yake, na wakubwa wa fani wapite wakitutazama. Asubuhi alikuja kijana mmoja wa suti ya kubana kutufundisha namna ya kujitambulisha. Alitupanga wawili wawili. Kila mmoja alikuwa na dakika moja ya kusema yeye ni nani, anajua nini na anataka nini. Nilipangwa na mwenzangu wa darasa, mvulana wa magharibi mwa Uganda ambaye kwa miaka yote alinakili madaftari yangu na kuyarudisha yana madoa ya chai. Yeye alimaliza dakika yake na sekunde zikabaki. Yangu ilipokwisha nilikuwa bado namuuliza hali ya mama yake.

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini ndivyo nilivyolelewa. Sisi ni wa zile familia za Kibuli ambazo mababu zao walifika huku na biashara za pwani, na mpaka leo nyumbani kwetu mtu mzima haendewi na haja mkononi. Mama akitaka kuazima sufuria kubwa ya pilau kwa jirani, siku ya kwanza anakwenda kusalimia. Siku ya pili anakwenda tena, anauliza mguu wa bibi unaendeleaje. Siku ya tatu jirani mwenyewe anamwambia, “Sufuria unaijua ilipo, bibie, chukua.” Neno sufuria halijamtoka mama. Nimeliona hilo tangu utoto, na sikumbuki siku mama aliporudi mikono mitupu. Basi nikaamini dunia nzima inaendeshwa hivyo.

Mchana wa siku ile akapita mama mmoja mwanajiolojia. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Bukavu, mwanamke wa makamo, miwani imepandishwa kichwani, mikono imekauka kama ya mkulima. Miaka mingi alikuwa akiongoza kundi la kupima chemchemi za maji ya moto kule Bonde la Ufa. Bango langu lilihusu chemchemi za chini ya kilima cha Kibuli, zile ambazo watu huteka maji kwa madumu ya njano. Nilikuwa nimechora jinsi mvua inavyozama kwenye udongo mwekundu wa juu, inavyokwama kwenye tabaka la chini lisilopitisha maji, kisha inavyotafuta pa kutokea. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, ambacho njo ni ndio.

“Mutoto yangu, hii mustari njo wewe ulichora?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa mukono?”

“Kwa mkono.”

Aliniuliza maswali nusu saa nzima. Wakubwa wengine walikuwa wanampita wakimwita naye hageuki. Mwisho akaniandikia namba yake pembeni mwa ratiba.

“Uniandikie. Uniambie kintu unataka, wazi wazi. Mimi sijui kubahatisha mawazo ya bantu.”

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Nikayachukulia kuwa ni ukarimu, kama vile mtu anavyokuambia karibu chakula naye akijua utasema umeshiba.

Ijumaa iliyofuata nikamtumia salamu. Ilikuwa ni picha, birika linafuka moshi, waridi pembeni, na maandishi yanayometameta ya kumtakia Ijumaa njema. Alijibu, “Asante mutoto.” Nikafurahi, mlango umefunguka. Ijumaa ya pili nikatuma nyingine. Ya tatu, nyingine. Nilipotambua kwamba yeye ni mtu wa kanisani nikaongeza za Jumapili, zenye njiwa. Nikawa namjulia hali mara mbili kwa wiki, mama wa watu, na kila nikituma nilihisi nimefanya kazi kubwa ya kujenga maisha yangu. Rafiki zangu walipouliza kama natafuta kazi, niliwajibu kwamba kuna mahali nimeshafika mbali.

Baada ya mwezi hivi aliandika, “Uko na lazima ya kintu?”

Alikuwa akiuliza kama nina haja ya kitu. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, na lilipokuja nikaona limekuja mapema mno. Salamu za mwezi mmoja tu, kisha nianze kuomba? Atanionaje? Nikajibu, “Hapana mama, nilikuwa nakusalimu tu.” Nyumbani jibu hilo ni hatua mojawapo. Mwenyeji anajua halina ukweli, anacheka, anakukazia. Nikakaa na simu mapajani nikingoja anikazie. Hakuandika tena siku hiyo.

Miezi ikapita. Siku moja akanitumia picha yeye mwenyewe, bila mimi kumtangulia kwa salamu. Kulikuwa na buti zimezama kwenye tope, nyuma yake mvuke unapanda kutoka ardhini, na chini ameandika, “Huku kazi ni mingi, mikono ni kidogo.” Leo nikiisoma nataka kujipiga kofi. Mtu atafungua mlango kwa namna gani zaidi ya hiyo? Lakini sikuona neno njoo. Nilikuwa nataka neno njoo, nilitaka liandikwe kwa herufi zake. Nikajibu, “Mashallah mama, Mungu awape afya na nguvu.”

Mara ya tatu alinipigia simu. Nilikuwa Kikuubo namsaidia baba kupanga mizigo. Nikatoka mbio nje, huku wachukuzi wanapita na marobota vichwani wakinipigia kelele nipishe, sikio moja nimeliziba kwa kidole.

“Niko ku barabara, network itakatika sasa hivi,” alisema. “Sema, mutoto yangu. Kuko nini?”

Nikamuuliza hali yake. Nikamuuliza watoto, wa kwanza na wa pili. Nikamuuliza mzee wa nyumbani, mvua za huko, na yule mama mkwe wake ambaye niliwahi kuambiwa anaumwa mgongo. Alikuwa akijibu kwa haraka, nasikia gari linaruka mashimo. Mwishowe akasema tena, “Sema.” Nikasema, “Hakuna neno mama, nimefurahi kusikia sauti yako.” Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mama yangu mzazi kwa haya yote, na hiyo si haki. Mama anajua sana anachokitaka anapokwenda kwa jirani, na anajua jirani ni mtu wa aina gani. Angeishi Bukavu angejifunza ya Bukavu. Mimi nilijifunika adabu kwa sababu chini yake kulikuwa na woga. Nisipoomba, siwezi kukataliwa. Nikikataliwa na yule, nani mwingine amewahi kuinama mbele ya mchoro wangu nusu saa? Bora nibaki na salamu zangu na tumaini langu. Najuta kwa hilo kuliko kwa jingine lolote, kwamba nililipenda tumaini kuliko kazi yenyewe.

Mkutano wa mwaka uliofuata uliangukia wiki mbili kabla ya Idi. Baba alikuwa ameshaanza kunionyesha ni meza ipi itakuwa yangu dukani, mambo yote kwa upole, bila kunikumbusha lolote. Nilikwenda mkutanoni nimevaa buibui yangu mpya na nimeapa moyoni. Leo nasema. Nitamsalimu mara moja tu, kisha nasema.

Nilipoingia ukumbini mtu wa kwanza kumwona ni yule mwenzangu wa madoa ya chai. Amechomwa na jua mpaka shingo imebadilika rangi, amevaa buti zenye vumbi kana kwamba hoteli ile ni korongo, amesimama kando ya bango la chemchemi za maji ya moto. Bango la kundi la yule mama.

“Wewe umefikaje huko?” nikamuuliza. Hata hali sikumuuliza, jambo ambalo kwangu ni kubwa.

“Mimi nilimwambia tu,” akasema. “Siku ile ile ya mkutano wa kwanza, nilichukua namba yake. Nilimtumia mesej, nikamwambia, mama, mimi iko natafuta kazi ya field. Sina experience. Lakini mawe naweza kubeba.”

“Akasemaje?”

“Akasema njoo Jumatatu.”

Nilitamani nimcheke, nikashindwa. Sentensi tatu, tena zenye makosa, na mimi nina Ijumaa za mwaka mzima. Nilikuwa bado nimeganda pale mama mwenyewe alipotokea, akanikumbatia kwa nguvu, akanigeuza kuwaelekea wenzake waliokuwa wakinywa chai, mabwana watatu na mabibi wawili wa fani.

“Huyu njo binti wa salamu!” akawatangazia, kwa furaha kabisa. “Kule ku mulima hakuna network, lakini tukishuka tu, salamu yake iko inatungoja. Kila Ijumaa! Anasali kwa ajili yetu sisi wote.”

Wakacheka kwa wema. Mmoja akasema na yeye angependa kuingizwa kwenye orodha. Uso ulinishuka. Nilikuwa nimekuja kuwa mwanajiolojia mbele ya watu wale, na nimeshatambulishwa kwa birika na waridi.

“Na sasa mutoto yangu,” akaniuliza, bado amenishika mkono, “unafanya kazi wapi?”

Swali lilikuwa mezani. Alikuwa amelileta yeye, mbele yangu, kwa mara ya nne. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, sina kazi. Niliwatazama wale mabwana na vikombe vyao, nikamtazama mwenzangu na buti zake, na damu ya ukaidi ikanipanda. Nisimame mbele ya yule aliyenakili madaftari yangu, niombe?

“Nimepata, mama,” nikasema. “Kampuni moja hapa hapa mjini. Mambo ya usambazaji.”

“Ya maji?”

“Ya vitu mbalimbali.”

Akashusha pumzi, akanipigapiga mkono kwa furaha. Nilimwona uso mzima umelegea, kama mtu aliyeondolewa deni la moyoni.

“Njo vizuri. Nilikuwa na wasiwasi juu yako, unajua? Nikasema huyu binti, ile mustari yake, anaenda kupotea. Maana kijana wetu mumoja, si huyu, anaondoka mwezi ujao, anaenda kusoma. Niko natafuta mutu anajua kuchora chemchemi. Mutu wa kwanza niliwaza ni wewe. Lakini kama uko na kazi yako tayari, siwezi kukuharibia.”

Palikuwa na nafasi ya kusema. Hata baada ya uongo ule palikuwa na nafasi, sekunde tano au sita, na yeye alikuwa akinitazama. Ningeweza kucheka nikasema mama, nilikutania. Angecheka pia, namjua sasa, angenipiga kofi la begani na kuniambia njoo Jumatatu. Lakini wale waliokuwa na vikombe walikuwa wameshaanza kunipongeza.

“Hongera sana,” mwenzangu akasema.

“Asante,” nikasema.

Mama akatoa simu yake, akashusha miwani kutoka kichwani, akafungua mahali pa kuandika.

“Basi unisaidie. Kwa darasa yenu hakuna mwingine anachora? Mutu hana kazi, lakini anataka kabisa?”

Alikuwapo. Msichana mmoja tuliyekaa naye dawati moja, mchoraji wa kadiri, mtu mwema. Nikafungua simu yangu, nikamtafuta, nikamsomea mama namba yake tarakimu moja moja, polepole, na mwisho nikamwomba airudie ili nihakikishe hajakosea.