Ijumaa Tuliyolala Ubavu

Mume wangu alipata mashua ya matanga kama watu wanavyopata mafua: alikaa karibu na mtu aliyekuwa nayo. Mtu mwenyewe alikuwa mhandisi wa Kizungu ambaye mume wangu alimwendesha gari miaka mingi, Sur na vitongoji vyake vyote. Siku mhandisi alipokwenda kwao moja kwa moja, akamwachia mashua ile kama mtu anavyomwachia jirani paka. "Itunze," alimwambia. Mume wangu akarudi nyumbani Ibra na ufunguo mmoja mdogo na uso wa sultani.

Nieleze Ibra ilivyo kwa asiyeijua. Ni bara. Maji ya kuelea yaliyo karibu kabisa na nyumba yetu ni ya ndoo. Tuna mitende, tuna vumbi, tuna soko la wanawake siku ya Jumatano ambako nauza kofia nilizodarizi mwenyewe, na tuna falaji, ule mfereji wa mababu unaoleta maji shambani kwa zamu. Bahari tulikuwa nayo kwa maneno tu. Wazee wetu walirudi kutoka Unguja na masanduku na lugha, na ndani ya lugha mlikuwa na kupwa na kujaa na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu. Marehemu mama yangu, baba akikasirika, alikuwa akisema, "Leo bamvua, mwanangu, kaa mbali." Na miye nikawa nasema hivyo hivyo kwa mume wangu, nami sijapata kuliona bamvua hata kwenye televisheni.

Lakini yeye alijiona mtu wa bahari. Alisema damu yake ina chumvi. Nikamwambia daktari naye kasema hivyo hivyo, ndiyo maana anapewa vidonge vya presha.

Basi. Kwa nini tulikwenda kulala ndani ya chombo kile wiki nzima ya likizo ya majira ya baridi, watu wazima wenye magoti mabovu? Hapo sasa pana shubiri.

Tuna binti mmoja. Aliolewa Nizwa, na kijana mzuri, mwalimu mwenzake. Siku ya ndoa, wanaume wamekaa majlisi, sinia za nyama na wali ndiyo kwanza zinaingia, ami yake bwana harusi akamsikia mume wangu akizungumza na jirani yake, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu, "Mashaallah, Kiarabu chake kimeungwa kwa tui la nazi!" Majlisi nzima ikacheka. Huenda hakukusudia ubaya. Sijui, sikuwepo, mimi nilikuwa ndani kwa wanawake ninacheza kama msichana. Ninachojua ni kwamba mume wangu alisimama, akavaa viatu, akatoka kabla hajagusa chakula. Kila mtu anajua maana ya kuondoka mbele ya sinia. Kumpiga mtu kofi kuna heshima zaidi.

Tangu siku ile hakukanyaga Nizwa. Binti naye akaapa: "Baba asipoingia nyumbani kwangu, nami siingii Ibra." Mjukuu akazaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama, na babu yake alimjua kwa picha za kwenye simu yangu tu, ambazo alizitazama kwa pembe ya jicho, huku akijifanya anatafuta miwani.

Mimi ndiye niliyepata rai. Nilijivuna kama waziri wa mambo ya nje. Mashua! Mashua si nyumba ya baba na si nyumba ya binti. Atakayeingia humo hakumwendea mwenzake. Wamekutana baharini tu, kama samaki. Nikampigia binti simu. Akasema, "Ijumaa ya mwisho wa likizo, mama. Baada ya sala. Lakini mimi siwezi kumpandisha mtoto kwenye kile kimashua cha mpira cha kuvukia. Isogezeni ufukweni hapo Sur, kwenye zile ngazi za mawe." Mume wangu alipoambiwa akasema, "Waje, kama wanataka kuja." Kisha akaenda kununua rangi, akapaka mashua nzima, na taa, na kamba moja kwa bahati mbaya.

Tukahamia Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Mashua ile kwa nje ilikuwa na mlingoti wa kutoboa mbingu ya kwanza. Kwa ndani ilikuwa droo. Tulilala kama vijiko viwili, kimoja kinakoroma. Jiko lilikuwa na moto mmoja na upepo wa Januari ukauzima huo mmoja. Tanga tulilipandisha mara moja, likampiga mume wangu kofi, tukalishusha. Na sala! Mashua ikiwa nangani huzunguka inavyotaka. Unahirimia umeelekea Kibla, unatoa salamu umeelekea Bombay. Usiku, baridi ikituuma, tulijifunika koti lake moja, akanihadithia babu yake nahodha, ambaye kila alipohadithiwa alizidi kuwa mrefu. Kusema kweli nilikuwa na furaha. Tulikuwa hatujacheka vile tangu binti alipoondoka nyumbani.

Sasa sikilizeni kosa, maana ni kosa ambalo watu wa Sur wangelicheka mpaka waugue.

Ijumaa ile tuliyofika, mume wangu alitazama zile ngazi za ufukweni baada ya adhuhuri. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ngazi ya juu, mazuri, ya kijani, mtu unaweza kushuka na viatu vya harusi. Akayatia akilini. Shamba letu lina zamu ya falaji Ijumaa adhuhuri, tangu enzi ya baba yake. Wiki hii Ijumaa adhuhuri, wiki ijayo Ijumaa adhuhuri. Watu wanazaliwa na kufa, maji ya Ijumaa yanakuja Ijumaa. Akafanya hesabu ya falaji juu ya bahari. Wiki nzima tulikaa katikati ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia Sur, penye kina, ambako maji yapo saa zote, tusione ufuko unafanya nini. Na miye niliyesimama hapo na cheti cha sekondari ya shule ya jioni, niliyeipata jiografia kwa alama ambazo mwalimu alizitazama mara mbili, nilikuwa nimejibu swali la mwezi unavyoivuta bahari na kuichelewesha karibu saa nzima kila siku. Nililijibu vizuri mno. Kisha nikaliacha mtihanini.

Ijumaa yenyewe, baada ya alfajiri, maji yalikuwa yamejaa tena. "Unaona?" akasema. "Yameshaanza kuja mapema." Tukasogea mpaka karibu na ngazi, mwendo wa kutupa jiwe, akatia nanga. Nikaanza kupika pilau kwa jiko la makaa. Nilipotia mchele, sufuria ilikuwa sawa. Nilipofunika, sufuria ilikuwa imeinama kidogo. Nilipopalia makaa juu ya mfuniko, makaa yakaniangukia miguuni.

"Bwana," nikamwita, "mbona dunia imekwenda upande?"

Alikuwa amesimama kwenye sitaha ameshika mlingoti, anatazama chini. Mashua za namna ile chini zina mkuku mrefu kama pezi la papa. Mkuku ukakaa chini, na sisi taratibu, kwa adabu, tukalala ubavu. Maji yakaondoka kama wageni waliomaliza kula. Mbele yetu likabaki tope, jeusi, linang'aa, la kummeza ngamia na mwenye ngamia.

"Ni zamu ya wengine hii," akasema. "Adhuhuri yatakuwa hapa."

Adhuhuri ikafika bila maji. Sala ya Ijumaa hakwenda. Akasema sisi wasafiri, tuna ruhusa. Nikamtazama. Msafiri gani huyu aliyelala ubavu?

Wakaja. Niliiona gari yao ikisimama juu ya ngazi, binti akashuka na mtoto mkononi, kamvisha kijikanzu cheupe na kofia niliyomdarizia mwenyewe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu! Subirini hapo hapo, maji yanakuja!"

"Saa ngapi?"

"Baba yako anasema sasa hivi!"

Mkwe akatoa salamu kwa sauti, akamwita mume wangu "ami" kwa heshima, akamwuliza afya yake. Salamu ni lazima kujibiwa. Mume wangu akaijibu kwa midomo. Sauti haikufika hata kwangu.

Tukangoja. Wao juu ya ngazi, sisi tumening'inia kwenye mashua kama kuku waliofungwa miguu. Pilau lilikuwa limekusanyika upande mmoja wa sufuria. Hatimaye nikachoka. Nikachukua bakuli la halwa, nikafunga buibui kiunoni, nikashuka.

Nilizama mpaka magotini, nikaendelea, nikazama mpaka mapajani. Kiatu cha kushoto mpaka leo kiko Sur. Nilipofika nilikuwa nimegeuka mtungi, lakini halwa ilikuwa juu ya kichwa changu, safi kama sadaka. Mjukuu wangu aliponiona alilia kama kaona shetani. Kisha akanijua, akacheka, akanipaka tope lile usoni kwa mkono wake mwenyewe. Nikanyoosha kidole kule kwenye mashua. "Yule pale babu." Akapunga mkono. Mtoto hana kiapo.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "hili tope ni la kuoga tu. Twende pamoja, nitakushika."

"Mama, mimi nimetoka Nizwa." Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. "Njia yote ile nimekuja mimi. Hako kakipande kalikobaki ni kake."

Mkwe alikuwa ameshaanza kupandisha kanzu, ampakate mtoto avuke. Binti akamshika mkono wa kanzu. "Wewe ulimkosea nini? Kaa."

Nikarudi. Mara ya pili tope lilikuwa limekuwa refu zaidi, sijui vipi. Nikampa mume wangu maneno kama yalivyo: binti kaja kutoka Nizwa, kipande hiki ni chako.

"Maji yatakuja," akasema. "Watapanda kwa ngazi, kwa heshima, wakae, wale. Siwezi kusimama mbele ya mkwe nina tope mpaka kiunoni."

"Mimi ninalo mpaka masikioni. Nani kacheka?"

"Wewe ni mama."

"Na wewe ni nani?"

Akageuza uso. "Watakwenda kuhadithia Nizwa," akasema polepole. "Yule wa tui la nazi, sasa kaungwa na tope."

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile hakuwa ametoka katika ile majlisi. Alikuwa bado amesimama mbele ya sinia, na wote bado wanacheka. Nilimwonea huruma, na katika huruma ile ile nilitamani kumsukuma majini, lakini maji yenyewe hayakuwepo.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka ng'ambo. Binti akatazama jua, akatazama saa. Barabara ya Nizwa ni ndefu, na usiku kuna ngamia njiani. Akaniinulia mkono. Mkwe akatoa tena salamu, hata baada ya yote yale, kijana wa watu. Gari ilipowaka, mume wangu alivua kiatu kimoja. Nakula yamini nilimwona. Alivua kiatu cha kulia, akakiweka juu ya sitaha, akatia mguu nje, ukaning'inia juu ya lile tope. Na gari ikageuka, ikaondoka, na mguu ukabaki hapo unaning'inia.

Magharibi maji yakaja. Yalikuja kwa ulaini wa kunitia kichaa, yakaingia chini ya mashua, yakaiinua kama mama anavyomwinua mtoto aliyelala, mpaka mlingoti ukasimama wima na maji yakafika ngazi ya juu kabisa. Unaweza kushuka na viatu vya harusi.

"Si nilikwambia?" akasema mume wangu. Kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Pilau sikuligusa. Nililimwaga kwenye hori, samaki wakafanya karamu ya mkwe wetu.

Likizo zimepita tangu hapo, na mashua bado tunayo. Sasa anajua kupwa na kujaa kuliko wavuvi. Anajua bamvua lini na maji mafu lini, na kila Ijumaa ya mwisho wa likizo huisogeza ufukweni kwa saa sahihi, anapaka rangi, anafunga ngazi ya mashua kwa kamba mpya. Binti kaalikwa kila mara. Anajibu kwamba nyumba yake ina mlango, na mbele ya mlango wake hapana tope.

Mimi huenda Nizwa peke yangu, kwa gari ya mpwa wangu. Narudi na picha za mjukuu, na siku hizi mume wangu hatafuti tena miwani. Anaichukua simu wazi wazi, anakaa nayo. Juzi, tumo ndani ya ile droo yetu, upepo unapiga kamba kwenye mlingoti, akaniuliza:

"Anazungumza sasa?"

"Anazungumza! Hanyamazi. Anaweza kuajiriwa redioni."

"Kiswahili?"

Nilitamani sana kumtilia chumvi kidogo. Mimi, ambaye naweza kumfanya paka awe chui. Nikashindwa.

"Kiarabu," nikamwambia. "Cha Nizwa. Hakina nazi hata tone."

Akanirudishia simu, akatoka kwenda kutazama nanga.