Tulianzia Polisi

Niliishia darasa la sita, lakini sijawahi kuiacha karatasi bila kuisoma. Nikifungiwa maandazi kwenye gazeti, nasoma gazeti kwanza. Ndiyo maana kule Igoma, kwenye karakana ya mageti nilikofika kutafuta kibarua cha siku tatu nikakaa miezi minane, waliniita Profesa. Aliyenibandika jina hilo ni fundi aliyenifundisha kuchomelea, Msukuma wa Misungwi, mtu wa kukutukana huku anakumegea muhogo wake.

Siku moja, saa nne asubuhi, jiwe la grenda, lile la kukatia chuma, lilipasuka mikononi mwake. Kipande kikamwingia pajani. Tulimfunga kwa fulana yangu tukaita bajaji.

"Tandikeni gunia kwanza," dereva akasema. "Hicho kiti nimekishona juzi."

Tukatandika gunia.

Bosi alisema tumkimbize hospitali. Mimi nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua: bila PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, hawatamgusa. Na kweli nilikuwa nimeona. Miaka ya nyuma, pale Usagara, nilimbeba abiria wa bodaboda aliyevunjika mguu hadi kwenye zahanati moja, na mtu wa dirishani hakuinua hata macho. "Ajali? Nendeni polisi mkachukue fomu." Tukamrudisha barabarani akilia. Somo hilo nililishika kuliko yote ya shuleni.

"Profesa kasema," fundi akasema, ameuma meno. "Bima sina, nikose na fomu? Si watanitupa ziwani!"

Hospitali ilikuwa njiani. Mlinzi alipoona gunia na damu alifungua lango, akidhani tunaingia. Tukapita.

Kituoni tulikuta foleni. Askari alisema lazima amwone majeruhi kwa macho yake, akatoka hadi kwenye bajaji.

"Shikamoo, afande," fundi akamwamkia, ingawa askari alikuwa kijana kuliko yeye.

"Marahaba. Nani kakukata?"

"Kazi, afande. Mkamateni."

Wote tulicheka, hata askari. Akarudi ndani, akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri: jina, umri, kabila, mtaa. Mhuri ulikuwa kwa mkubwa wake, na mkubwa alikuwa amekwenda kunywa chai. Kila nilipotoka kumtazama fundi, fulana ilikuwa imelowa zaidi na utani umepungua. Mara ya mwisho aliniuliza kama mvua inanyesha. Jua lilikuwa linawaka.

Tuliingia hospitali saa sita na nusu. Muuguzi aliuliza kama mgonjwa ana bima. Nikasema hana, nikamnyooshea fomu haraka, asije akatufukuza. Hakuipokea.

"Nauliza niandike tu. Mlazeni hapa! Ameumia saa ngapi?"

"Saa nne."

Akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. "Mlikuwa wapi?"

Nikainua karatasi.

"Nani amewaambia muanzie huko?"

Nikaishusha. Walimsukuma ndani, nikabaki kwenye benchi. Juu ya benchi kulikuwa na tangazo ndani ya fremu, nami nikalisoma kama ninavyosoma kila kitu. Lilisema mgonjwa wa dharura hupokelewa na kutibiwa kwanza, awe na bima au asiwe nayo, awe na pesa au asiwe nazo, na karatasi za polisi zitafuata baadaye. Lilisema hiyo ni sheria. Kioo chake kilikuwa na vumbi la siku nyingi. Niliposoma mara ya pili, muuguzi alitoka akivua glavu, akatikisa kichwa.

Mama wa fundi alifika kesho yake kutoka kijijini. Bosi alimpeleka polisi kwa ajili ya kibali cha kuchukua mwili, kisha akamleta karakana, akanionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye aliyehangaika naye mpaka mwisho."

Nikamwamkia. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru. Kisha akatoa kwenye fundo la kanga ile fomu, niliyokuwa nimemwachia bosi naye akampa.

"Wanasema wewe ni msomi, mwanangu. Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nikasoma. Hali ya majeruhi: anaongea vizuri. Imetolewa saa sita na robo.

"Aliumia saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

Mafundi walikuwa wameacha nyundo. Bosi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Leo nimeipita hiyo njia," mama akasema. "Ukitoka hapa, hospitali ndiyo inatangulia. Au nimeona vibaya?"

"Inatangulia, mama."

Hakulia wala hakunitukana. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ile aliyokuwa anakalia mwanawe, akanirudishia karatasi.

"Rudia," akasema. "Anzia juu."