Ukifika Mchangani, Funga

Syombua alizaliwa Mbooni, kwenye mashamba yaliyosimama wima kama ukuta. Baba yake, mzee Mutunga, alikuwa na pikapu ya kubebea maembe na maparachichi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimfundisha binti yake kuendesha. Alimfundishia kwenye matope mekundu, mvua ikinyesha. "Likianza kuteleza usiligombanie," alikuwa akimwambia. "Liachie kidogo, halafu uliongoze." Alipoolewa Kyuso alikuja na ujuzi huo mahali pasipo na matope mengi. Huku kwetu ni vumbi, mawe na mito ya mchanga ambayo mwaka mzima huona maji siku chache tu.

Kanisa letu liliponunua gari, hakuna aliyeuliza nani atakuwa dereva. Lilikuwa gari kubwa, kuukuu, la rangi ya majivu, la aina inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yake ingekuwa kubeba wagonjwa na wajawazito kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Mchungaji Mulei na Syombua walienda kulichukua mjini Salama, kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Ng'ang'a. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa na Syombua ndani ya gari na kumweleza kila kitu polepole.

"Mama, sikiza mzuri," alisema. "Hii gari inavuta na magurudumu yote, saa zote. Lakini hapa katikati iko na difu. Ndiyo inagawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Hii swichi ni yake. Ukifika mchanga ama matope, unafunga. Ukirudi lami, unafungua. Usichanganye, utaua gari."

"Nimeshika."

"Sema tena nisikie."

"Mchanga, nafunga. Lami, nafungua."

Ng'ang'a akapiga usukani kofi. "Mchungaji, hapa hujapata dereva, umepata fundi!"

Maneno yalikuwa sawa, hata moja halikupotea. Lakini kwetu Ukambani redio hufungwa na kufunguliwa. Taa hufungwa. Maji ya mfereji hufungwa. Kufunga kitu ni kukizima. Ng'ang'a alimaanisha difu ifungwe, yaani magurudumu ya mbele na ya nyuma yashikanishwe yaende kwa mwendo mmoja. Syombua alielewa kwamba mchangani swichi izimwe, na kwenye lami iwashwe. Picha iliyokuwa juu ya swichi ilikuwa imefutwa na vidole vya wenye gari waliotangulia. Walipoingia barabara kuu ya Mombasa, aliibonyeza. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mbele yake. Akaridhika kwamba amefungua.

Hivyo ndivyo gari lilivyokuja Kyuso, na hivyo ndivyo lilivyoendeshwa kiangazi chote. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Difu ikiwa huru, yanapeana nafasi. Ikifungwa, hayapeani, na juu ya lami ngumu hakuna hata pa kuteleza. Nguvu inabaki ndani ya vyuma ikijisokota kama kamba, na hakuna anayeiona. Syombua alisikia tu usukani mzito kwenye kona, matairi yakilia, na mlio mmoja mzito chini ya miguu yake, ngo, kama mtu anayebisha mlango kutoka ndani.

Vijana wa bodaboda pale sokoni walimtania. "Mama, hiyo gari inalia kama imekanyagwa mkia!"

"Ni njaa," aliwajibu. "Nyinyi mkinyimwa chakula si mnalia?"

Fundi alibadilisha matairi yaliyoliwa, akasema gari kubwa ndivyo lilivyo. Mlio ukaendelea, kila wiki ukizidi kidogo. Mchangani nako hakukuwahi kuwa na shida, kwa sababu mchanga wa kivukoni ulikuwa umeshindiliwa na punda na watu, na Syombua alikuwa akipita kwa kasi.

Kisha malori ya kuchota mchanga yakaja. Yalichimba kivuko chetu upande huu na upande ule, yakaacha mashimo yaliyojaa mchanga mwepesi. Mwezi wa Novemba ukaingia, na bado Kyuso hakukuwa kumeanguka tone.

Asubuhi moja Kilonzo, mkulima wa ndengu wa ng'ambo, alipiga simu. Mkewe Kanini alikuwa ameshikwa na uchungu na alikuwa akitokwa na damu. Walikuwa wameshazika watoto kabla ya huyo, na kila mtu kanisani alikuwa akiiombea mimba ile kwa jina. Syombua alivuka mto gari likiwa tupu, akayumba kidogo, akatoka. Akamlaza Kanini kiti cha nyuma. Kilonzo alivua koti lake, simu ikiwa mfukoni, akaliweka chini ya kichwa cha mkewe.

Waliporudi mtoni jua lilikuwa kali, lakini mbali huko juu, mto unakotokea, mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani walikuwa wakiwaondoa punda wao upesi, mitungi mingine haijajaa. Upepo ulitoka juu ukiwa baridi, ukinuka udongo uliolowa.

"Tupite haraka," Kilonzo alisema.

Syombua alibonyeza swichi. Taa ya chungwa ikazimika. Mchanga, nafunga. Akateremka.

Hawakufika hata robo ya njia. Gari lilizama upande mmoja, likanguruma bila kusonga. Kilonzo alitoka akachimba kwa mikono, akaweka matawi ya miiba chini ya matairi, akaita, "Sasa!" Gari likatetemeka tu, likazama zaidi. Nyuma, Kanini alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa asipige kelele.

Mwanamke mmoja aliye na punda aliwapungia mkono kutoka ukingoni. "Tokeni huko, mwaitu, mama yangu! Mto unakuja!"

Sasa na wao waliusikia. Ulikuwa kama lori lililo mbali, ambalo halifiki wala haliendi.

Kilonzo aliinama, akatazama chini ya gari huku Syombua akikanyaga mafuta. Kisha akaja dirishani, uso umejaa mchanga. "Hii gari yako iko na miguu nne na inatumia mmoja! Moja ya mbele inakimbia peke yake, zingine zimelala. Ningekuwa na fahali kama huyu ningechinja."

"Difu nimeifunga, Kilonzo!"

"Umefunga nini? Fahali wawili wakifungwa nira, mmoja hawezi kukimbia mwingine asimame. Mimi sioni kitu imefungwa hapa!"

Syombua alitazama swichi kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala kwake miezi mingi bila kumwuliza jina. Akaibonyeza. Taa ya chungwa ikawaka.

"Sukuma," akasema. "Sukuma, asai, tafadhali!"

Kilonzo aliweka bega. Magurudumu yakaanza kuzunguka, la mbele na la nyuma pamoja, pole, yakauma matawi, yakapanda. Gari likatoka shimoni. Syombua hakuthubutu kupunguza mwendo. Kwenye kioo alimwona Kilonzo amesimama katikati ya mchanga, mikono imening'inia, na nyuma yake kwenye kona ya mto ukuta wa maji ya kahawia, umebeba povu na magogo.

"Simama!" Kanini akalia. "Mume wangu!"

"Nikisimama tunazama sote."

"Simama, Syombua! Mungu anakuona!"

"Na aone."

Gari lilikwea ukingo. Walipogeuka kutazama, kivuko hakikuwepo. Palikuwa na maji tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na vumbi jekundu upande ule. Kama Kilonzo alirudi alikotoka au hakurudi, hawakuweza kuona. Kanini alifunika uso kwa lile koti. Syombua alingoja kwa muda mfupi, macho yakitafuta shati la bluu la Kilonzo. Kisha akaendesha.

Barabara ilipokuwa ngumu tena, alibonyeza swichi ili aachie difu. Taa ilikataa kuzimika. Vyuma vilikuwa vimekazana. Akakumbuka kuachia kidogo. Akarudi nyuma hatua chache, polepole, kuelekea ule mto, na kitu kikalia ngo chini yake. Taa ikazimika. Kwa mara ya kwanza gari lilikata kona bila kulia. Lakini ule mlio wa miezi yote ulikuwa umeshafanya kazi yake. Mbele ya lango la hospitali kitu kilikatika tumboni mwa gari, mafuta meusi yakamwagika chini, na gari halikusonga tena. Kanini aliingia akishikwa makwapa.

Mtoto alizaliwa jioni, msichana, mdogo, lakini analia. Damu ya mama ilisimama baada ya wauguzi kuhangaika naye sana. Alipoweza kuongea, aliuliza swali moja tu: mume wake yuko wapi.

Kesho yake asubuhi Syombua alipanda bodaboda hadi mtoni. Maji yalikuwa bado yamejaa, yakinguruma. Ng'ambo kulikuwa na watu wachache, na kati yao shati la bluu. Alishusha pumzi.

Kilonzo naye alimwona. Aliona bodaboda, akatazama nyuma yake barabarani, akitafuta gari. Hakukuwa na gari. Akakaa chini pale pale kwenye mawe, akashika kichwa kama aliyefiwa.

Syombua aliita, lakini sauti ilimezwa na maji. Alikunja mikono akaipembeza kama anayebembeleza mtoto. Kilonzo hakuinuka, kwani hata mtoto aliyefiwa na mama hubembelezwa. Ndipo Syombua, mwanamke mwenye haya ambaye kanisani huketi benchi la nyuma, alipofungua leso yake mbele ya watu wote, akainamisha kichwa, akafanya kama mama anayenyonyesha, akaelekeza kidole kule hospitali.

Kilonzo akasimama. Alianza kutembea moja kwa moja kuingia majini, na ilibidi wanaume watatu wamshike.