Siku Nilipomwita Mtemi Aone Maji

Katika kikosi chetu cha visima hapa Shinyanga, mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa jaribio zima la kupampu maji; kabla yangu ilikuwa kazi ya Wazungu tu. Juma lililopita nilikwenda kulifanya kijijini Samuye, kaptula yangu imenyooka kwa pasi.

Pampu ilivuta maji kutoka kisima kikubwa, nami nikapima kina katika shimo dogo la pembeni, kuona maji ya chini yanashuka kwa kasi gani. Asubuhi yalishuka vizuri. Kufika mchana yakagoma kushuka, na pampu bado inanguruma. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilijua maana yake: tabaka la udongo la juu linavujisha maji yake kufidia yale tunayovuta, kwa hiyo ng'ombe wa Samuye hawatahangaika tena kiangazi.

Nikamwita Mtemi, chifu wa pale, na watu wake, nikahutubia kama mkuu wa wilaya.

"Mtemi, ardhi yenu inajijaza yenyewe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamkaribisha Mtemi asogee shimoni ajionee.

Aliposogea, kiatu chake kikazama kwenye tope. Sote tukainama kutazama. Maji ya pampu, ambayo mimi mwenyewe niliyachimbia mtaro wa kuyapeleka mbali, yalikuwa yamebomoa ukingo wa mtaro huo na sasa yanamiminika taratibu ndani ya shimo langu la kupimia.

"Mwanangu," Mtemi akauliza, "ndiyo ardhi inajijaza hivi?"

"Hapana, Mtemi," nikajibu mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya hotuba. "Anayeijaza ni mimi. Kesho naanza upya."